Eugène Christophe: Foki ilimkatikia mlimani, akaifua mwenyewe

Shabiki wa soka anajua uchungu wa kupoteza kombe mkononi. Anaijua penalti ya dakika ya 90, anajua pointi zinavyopokwa mezani, anaijua timu inayoongoza ligi msimu mzima halafu inakata moto mechi tatu za mwisho. Leo tuuweke mpira pembeni kidogo tumtazame Mfaransa mmoja aliyepitia yote hayo peke yake, bila beki wa kumlaumu wala kocha wa kumfukuza. Yalimpata mara tatu, na mara zote tatu mkosaji alikuwa kipande kilekile cha chuma.

Jina lake Eugène Christophe. Alizaliwa Januari 22, 1885 huko Malakoff, mji mdogo ulioshikana na Paris upande wa kusini. Kabla baiskeli haijaanza kumlipa alijifunza ufundi wa makufuli, yaani kuchoma chuma, kukipiga nyundo, kukikwangua kwa tupa mpaka ufunguo ukae. Liweke hilo akilini, msomaji, maana tutalihitaji mbele ya safari.

Aliingia kwenye mashindano makubwa mwaka 1904. Alikuwa na masharubu marefu yaliyoning'inia, na kwa sababu hiyo wenzake wakamwita Mgaulo Mzee, kwa jina la mababu wa Wafaransa. Hakuwa staa wa maneno. Alikuwa mtu wa kazi, anaamka, anapiga pedeli, analala. Tour de France yake ya kwanza ilikuwa 1906, akamaliza wa 9. Si haba kwa kijana wa miaka 21.

Hapa lazima nieleze barabara zenyewe, maana anayeitazama Tour ya leo kwenye runinga, lami nyororo na msafara wa magari, hawezi kupata picha. Siku hizi Ulaya na Marekani kuna mchezo unaokuja juu kwa kasi, wa kuendesha baiskeli kwenye njia za changarawe. Watu wanaikimbia lami na magari yake, wanaingia mabonde ya vijijini, wanafuata kingo za mito na njia za wafugaji, siku nzima hawasikii honi. Shirikisho la dunia la baiskeli, UCI, lilianzisha ubingwa wa dunia wa mchezo huo mwaka 2022, ukafanyika Italia. Hapa jirani, Kenya, kuna mbio za Migration Gravel Race zinazokatiza Maasai Mara. Wenye hela zao wananunua baiskeli maalumu yenye tairi pana kwa ajili ya raha hiyo.

Wakati wa Christophe hiyo haikuwa raha, wala haikuwa na jina. Barabara za milimani zilikuwa hizohizo tu, za mawe, vumbi na matope, zenye alama za matairi ya mikokoteni, na magari yalikuwa ya kuhesabu. Baiskeli ilikuwa mzigo wa chuma. Kubadili gia ukiwa juu ya kiti hakukuwepo. Ukifika mlimani unashuka, unalifungua gurudumu la nyuma, unaligeuza upande wenye gia nyepesi, unafunga, unapanda tena. Wakubwa wa Tour walikuja kuruhusu vifaa vya kubadilishia gia mwaka 1937, Christophe akiwa ameshastaafu kitambo. Tairi za akiba unazivaa mwenyewe mabegani kama mkanda wa risasi.

Ujasiri wake ulionekana kwanza Italia. Aprili 3, 1910, mbio za Milan–San Remo zilikutana na theluji. Mlima wa Turchino ulifunikwa weupe mtupu, vidole vinaganda kwenye usukani, tumbo linakaza, watu wanaacha baiskeli na kukimbilia kwenye nyumba za wakulima. Christophe naye alizidiwa, akaokolewa na mtu aliyempeleka kwenye nyumba ya wageni, wakamvua nguo zilizolowa, wakamsugua mwili, wakamtafutia suruali kavu. Alipoona wenzake wawili watatu wanapita dirishani wakiwa hoi, akavaa, akatoka tena. Akashinda baada ya saa 12 na dakika 24. Kwenye orodha rasmi ya waliomaliza yalibaki majina manne tu. Aliilipia. Alilazwa hospitali karibu mwezi mzima kwa mikono iliyoumwa na baridi, na ilimchukua muda mrefu kurudi kwenye kiwango chake.

Wakati wa baridi, wenzake wanapumzika, yeye alikuwa anacheza mchezo mwingine. Wafaransa wana mbio za baiskeli za kwenye matope na misitu, ambako ukishindwa kupita unaibeba baiskeli begani na kukimbia nayo. Huyu alikuwa mfalme wake. Alikuwa bingwa wa Ufaransa kila mwaka kuanzia 1909 hadi 1914, kisha tena 1921, yaani mara saba. Kubeba baiskeli mgongoni kwake hakukuwa jambo geni. Nalo hilo liweke akilini.

Mwaka 1912 alikaribia sana. Kwenye hatua ya Chamonix kwenda Grenoble aliwaacha wote na kukimbia peke yake kilomita 315. Alishinda hatua tatu mwaka huo. Lakini Tour wakati ule ilihesabiwa kwa pointi za nafasi kama ligi. Mbelgiji Odile Defraye, aliyekuwa na Wabelgiji wenzake wa kumbeba, akatwaa ubingwa, Christophe wa pili. Mwaka uliofuata waandaaji wakaurudisha mfumo wa muda, saa ndiyo ihukumu. Mabadiliko hayo ni kana kwamba yalishonwa kwa vipimo vyake.

Basi tufike Julai 9, 1913.

Hatua ya sita, Bayonne hadi Luchon, kilomita 326, umbali usiopishana sana na safari ya basi ya Dar es Salaam hadi Tanga, ila hapa unavuka milima ya Pyrenees. Waliondoka usiku wa manane. Defraye, aliyekuwa anaongoza mbio nzima, akaishiwa njiani na kujitoa. Christophe alikuwa wa pili kwenye msimamo, dakika chache tu nyuma yake. Kwa hiyo alipokuwa anaupanda mlima wa Tourmalet, wenye njia inayofika mita 2,115 juu ya usawa wa bahari, kwa hesabu ya barabarani Tour ilikuwa yake. Mbele yake alikuwepo Mbelgiji mmoja tu, Philippe Thys, kama dakika tano hivi. Mlima ulikuwa umekwisha, kulikuwa na mteremko wa kumkamatia.

Upande ule wa mashariki wa Tourmalet maji ya mlimani yanajikusanya kuwa kijito, kijito kinakuwa mto, unaitwa Adour wa Gripp. Barabara inateremka pamoja na mto huo kupita malisho na vibanda vya wachungaji, mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan. Bonde zuri kweli. Mtu wa leo mwenye baiskeli ya changarawe angelipa nauli ya ndege kwenda kuliona likiwa vile lilivyokuwa mwaka 1913, bila lami na bila gari.

Christophe akateremka kwa kasi. Ghafla akahisi usukani haumsikii. Anageuza huku, gurudumu linakwenda kule. Akabana breki, akasimama, akatazama. Foki, ile chuma yenye miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, ilikuwa imekatika.

Leo hilo ni tukio la sekunde 20. Gari la timu linasimama, fundi anaruka na baiskeli nyingine, safari inaendelea. Kanuni za Tour wakati ule hazikuruhusu. Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la L'Auto na mwanzilishi wa mashindano, alitaka mtu apambane peke yake na barabara. Baiskeli yako ikiharibika, itengeneze mwenyewe. Usipokee msaada wa mtu yeyote, wala chombo cha mwenzako. Kuna watu wanamwona Desgrange kama dikteta tu, lakini kuna jambo alilolikwepa. Viwanda vya baiskeli vilikuwa na fedha na vilikuwa tayari kununua ushindi. Ungeruhusu kiwanda kimpe mtu wake baiskeli mpya kila kona, mwenye kiwanda kikubwa ndiye angekuwa bingwa kila mwaka. Nadhani wapenzi wa soka hilo hatuhitaji kufafanuliwa.

Hivyo jamaa akabaki kwenye lile bonde tulivu. Hakuna gari la kuomba lifti, na hata lingepita asingeruhusiwa kupanda. Waliopita ni wale tu aliokuwa amewaacha nyuma kwa jasho lake. Mmoja, wawili, kundi, wote wanampita akiwa kando ya njia. Alilia, na baadaye hakuona haya kulisimulia hilo.

Halafu akabeba baiskeli begani, gurudumu mkononi, akaanza kutembea. Kilomita kama 10 au zaidi. Palipokuwa na njia ya mbuzi ya kukata kona akapita humo.

Kijijini akauliza mhunzi yuko wapi. Msichana mdogo akamwonyesha njia. Mhunzi alikuwa mtu mwema, akataka kuichukua foki aiunge mara moja. Hapo waamuzi wakaingilia kati, maana walikuwa wameshafika, pamoja na watu wa timu pinzani waliotaka kuhakikisha haibiwi hata dakika moja. Mhunzi ruksa kuazima moto na vifaa, ruksa kueleza kwa mdomo. Kugusa chuma, marufuku.

Ndipo ufundi wa makufuli ulipofanya kazi. Christophe akachukua kipande cha bomba la chuma, akakikata, akakipima, akakiingiza motoni. Mwenye kuijua kazi ya uhunzi atakubali kwamba si mchezo. Chuma kikiwa baridi hakishiki, kikizidi moto kinayeyuka mikononi. Tena ameamka usiku wa manane, amevuka milima, ametembea na mzigo, njaa inamuuma. Inasimuliwa kwamba mwamuzi mmoja alitaka kutoka aende akale, naye akamwambia ale makaa, kwa sababu yeye ni mfungwa wao na wao watabaki hapo kama askari jela mpaka mwisho.

Tatizo likawa mikono. Mtu anayeshika chuma kwa koleo mkono mmoja na nyundo mkono wa pili hana mkono wa tatu wa kuvuta mvukuto, ile mifuko ya kupulizia moto. Akamwachia mtoto wa pale kiwandani avukute. Waamuzi wakaandika. Msaada kutoka kwa mtu wa nje, adhabu ya dakika 10.

Hapo mimi na waamuzi tunaachana. Kanuni ina maana yake, nimeshasema. Lakini kumwona mtu anafua foki yake kwa saa nyingi kisha ukampiga faini kwa pumzi ya mvukuto, huko ni kama kufuta bao kwa sababu muokota mipira alirusha mpira haraka. Wakubwa nao walishtuka, baadaye wakaipunguza adhabu kuwa dakika 3. Haikuwa na tofauti tena. Mkate mfukoni, foki imekaza, Christophe akapanda baiskeli, akavuka milima miwili iliyobaki, Aspin na Peyresourde, akaingia Luchon karibu saa 4 nyuma ya Thys. Wapo waliokuja baada yake, tena wenye baiskeli nzima.

Thys alichukua Tour ya mwaka huo. Christophe, na saa zake zote zilizopotea, alimaliza wa 7.

Mwaka 1914 ukapita bila makuu, halafu ikaja vita. Kati ya 1915 na 1918 hakukuwa na Tour. Mabingwa watatu wa zamani, François Faber, Octave Lapize na Lucien Petit-Breton, walikufa vitani. Christophe alikuwa na miaka 34 mashindano yaliporudi mwaka 1919, umri ambao winga wa soka anaanza kutafuta kazi ya uchambuzi redioni.

Tour ile ya 1919 ilikuwa ngumu kuliko maelezo. Ilikuwa na urefu wa kilomita 5,560 kwenye nchi iliyobomolewa na mizinga, ikaanza na watu 67 na kumaliza na wasiozidi 11. Viwanda havikuwa na hali, vikaungana, na wachezaji wengi wakavaa jezi za kijivu zinazofanana. Mtazamaji hajui nani ni nani. Desgrange akaamua anayeongoza avae rangi yake peke yake. Gazeti lake lilichapishwa kwenye karatasi ya njano, basi jezi ikawa ya njano. Aliyekuwa anaongoza asubuhi ile ya Julai 19 mjini Grenoble alikuwa Christophe. Kwa hiyo jezi ya njano ya kwanza katika historia, hii inayouawa na watu kila Julai, ilivaliwa na fundi makufuli wa Malakoff. Haikumfurahisha hata kidogo. Watu njiani walimcheka wakimfananisha na kanari. Kwetu sisi wa soka njano ni onyo, na kwake ikawa hivyohivyo.

Zilibaki hatua mbili. Alikuwa na dakika 28 juu ya Mbelgiji Firmin Lambot. Hatua ya Metz hadi Dunkerque ilikuwa na kilomita 468, nyingi zake kwenye barabara za mawe za kaskazini zilizochimbuliwa na vita. Karibu na Valenciennes, foki ikakatika.

Ndiyo, foki. Akatafuta karakana, akaitengeneza kwa mkono wake kwa mara ya pili maishani, safari hii akijua hatua zote. Zaidi ya saa 2 zilikwenda. Lambot akavaa jezi, akashinda Tour. Christophe akawa wa tatu.

Ufaransa nzima ilichanganyikiwa. Gazeti la L'Auto likampa zawadi sawa na ya bingwa, kisha likafungua mchango. Matajiri wakatoa, vibarua wakatoa, majina ya waliochanga yakajaza kurasa kwa kurasa. Ikafika faranga 13,310, zaidi ya alichopata bingwa mwenyewe. Hapo mtu anaweza kusema basi yameisha vizuri. Sidhani kama yeye angekubali. Mwanamichezo anataka jina lake liwe kwenye orodha ya mabingwa, na orodha ile haina nafasi ya waliochangiwa.

Hakutundika viatu. Mwaka 1920 alishinda Paris–Tours na ile ndefu ya Bordeaux–Paris, akaichukua Bordeaux–Paris tena 1921. Mwaka 1922, ana miaka 37, akaivaa tena jezi ya njano kwa siku chache. Halafu, msomaji umeshahisi, akiteremka mlima wa Galibier kwenye Alps, foki ikakatika mara ya tatu. Akashuka kwa miguu tena, bonde jingine, mawe yaleyale. Alimaliza wa 8. Tour yake ya mwisho ilikuwa 1925 akiwa na miaka 40, na mwaka uliofuata akaacha mashindano kabisa. Ubingwa wa Tour hakuupata.

Baada ya hapo jina lake likaenda mahali asipopatarajia, kwenye pedeli. Ile mikanda na vishikizo vya kufungia mguu kwenye pedeli, vilivyotumiwa na waendesha baiskeli dunia nzima kwa miaka mingi, viliuzwa vikiwa na neno Christophe. Mamilioni ya watu waliufunga mguu kwa jina lake bila kujua kama ni la mtu au la kiwanda.

Uzeeni alirudi Sainte-Marie-de-Campan, akasimama kwenye kile kiwanda cha uhunzi mbele ya wapiga picha na kuonyesha jinsi alivyofanya. Nyumba ina kibao cha kumbukumbu ukutani, na kijijini imesimamishwa sanamu yake. Alifariki Februari 1, 1970, siku chache baada ya kutimiza miaka 85. Philippe Thys, aliyempita siku ile, alishinda Tour mara tatu, 1913, 1914 na 1920. Waendesha baiskeli wanaoteremka leo kutoka Tourmalet kando ya Adour wa Gripp wanasimama hapo kijijini, wanajaza maji kwenye chupa, wanapiga picha na yule mwenye foki mkononi, kisha wanaanza kuupanda Aspin.